Kabla Hujapakia Boza: Mambo ya Kuzingatia Ukitaka Kuwapelekea Maji na Vyoo Waliokimbia Tetemeko

Kila ardhi inapotikisika huku kwetu magharibi mwa Uganda, simu yangu huanza kulia kabla vumbi halijatua. Kanisa limechanga, akina mama wa kikundi cha akiba wamechanga, vijana wa boda wamechanga, na wote wanauliza swali moja: tulete nini? Wengine wanauliza wakiwa tayari wamepakia katoni mia za maji ya chupa. Nawaomba wasome haya kwanza. Nimebeba mabomba na kuchimba vyoo kwenye mafuriko ya Kasese na kwenye makazi ya wakimbizi, na sehemu kubwa ya makosa nitakayoyataja ni yangu mwenyewe.

Kwanza, tuache kudhani tetemeko ni habari ya nchi za mbali. Sisi tumekaa juu ya Bonde la Ufa la Magharibi. Alfajiri ya tarehe 20 Machi 1966 Bwamba na Toro zilitikisika, wakafa watu zaidi ya 150. Februari 1994 ikawa zamu ya Kisomoro na Fort Portal. Nilikuwa mtoto wakati huo, na ninachokumbuka si kishindo. Nakumbuka majuma yaliyofuata, tukilala migombani kwa sababu bibi alikataa kabisa kurudi chini ya bati, na kila aliyebanwa usiku akisogea hatua chache tu kwenye migomba. Hakuna mtu mzima aliyelizungumza jambo hilo. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga Bukoba, ng'ambo ya mpaka huko Tanzania, na nyumba zikaanguka hadi Rakai, huku kwetu Uganda. Litakuja jingine.

Piga simu kabla ya kuwasha gari. Mwenyekiti wa LC1, yaani kiongozi wa kijiji, anajua ni familia ngapi zinalala nje na ziko wapi. Ofisa wa maji wa wilaya anajua mabomba yapi yamekatika. Ukifika kimyakimya utamwaga maji mahali ambapo boza jingine limeshamwaga asubuhi, na kijiji cha bondeni kitaendelea kunywa tope.

Halafu fahamu tetemeko linavyoyafanya maji, maana si sawa na mafuriko. Huku milimani wengi wanatumia maji ya mserereko: chanzo kiko juu, bomba linateremka hadi kijijini bila mashine yoyote. Ardhi ikisogea kidogo tu, bomba hukatika chini ya udongo mahali pasipoonekana, tangi la zege hupata ufa, na chemchemi iliyokuwa safi tangu enzi za babu huanza kutoa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Nyingine hukauka. Nyingine, ajabu, huongeza maji. Kisima cha pampu ya mkono kinaweza kuanza kuvuta mchanga, na choo kilichopasuka kinaweza kuvujia kisima ambacho juzi kilikuwa salama. Kwa hiyo mzee akikuambia, "Maji haya tumeyanywa miaka yote," mpe heshima yake, kisha yapime. Vyoo vya zamani navyo asiingie mtu mpaka kuta na sakafu zikaguliwe mchana. Mitetemeko midogo huendelea kwa siku na majuma, na aliyeanguka kwenye shimo la futi thelathini harudi kukusimulia.

Hesabu. Mtu mmoja anahitaji angalau lita 15 kwa siku za kunywa, kupikia, kuoga na kufua. Siku za mwanzo kabisa anaweza kujikaza na saba na nusu, ila usizifanye kuwa mpango. Kambi ya watu 600 inahitaji lita 9,000 kila siku, karibu boza zima la lita 10,000. Kila siku! Narudia kwa makusudi, kwa sababu kila mchango ninaoletewa umepigiwa hesabu ya safari moja. Boza likija Jumatatu likapotea mpaka Ijumaa, watu hurudi mtoni Jumanne. Mimi ningeichukua pesa ya boza la pili nikamlipe fundi bomba, nikanunue na mabomba ya kuunganisha pale palipokatika. Mara nyingi mradi mzima umezimwa na mita ishirini tu zilizoporomoka. Maji ya chupa wape majeruhi na wanaonyonyesha siku ya kwanza. Baada ya hapo unapeleka takataka. Tena uliza hali ya barabara, maana boza lililojaa lina tani kumi za maji peke yake, na kalavati iliyotikiswa usiku haikupimwa na mtu.

Bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250, lisiwe mbali zaidi ya mita 500 kutoka walipolala, na foleni isizidi nusu saa. Chini yake mwaga kokoto, chimba mfereji. Usipofanya hivyo, ndani ya siku nne utakuwa na bwawa la mbu katikati ya kambi.

Kuhusu klorini, watu hudhani ni dawa ya kumwaga tu. Maji yenye tope hula klorini yote kabla haijaua kitu. Kwanza yatulize. Kwenye tangi tumia shabu, jiwe lile lile jeupe wanalopaka vinyozi, ukianza kujaribu kwenye ndoo nne tano kwa vipimo tofauti uone ipi inatuama vizuri. Nyumbani chuja kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa, uache yatuame, umimine ya juu. Ndipo uweke klorini, na usubiri nusu saa kamili. Yanapotoka bombani yawe na klorini iliyosalia kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Kile kifaa kidogo cha kupimia, cha kidonge kinachogeuza maji kuwa ya waridi, si ghali kiasi cha kukusamehe usiwe nacho. Tembe za nyumbani soma maandishi yake: zipo za lita tano na zipo za lita ishirini, na kwa macho zinafanana. Nimeona mama akitia tembe nne za lita ishirini kwenye jerikeni moja kwa sababu kambi ya jana yake aligawiwa ndogo. Maji yakanuka kama bwawa la kuogelea la hoteli, watoto wakayakataa, na mtaa mzima ukatangaziwa kwamba serikali inawawekea dawa ya kuwafanya wagumba. Ilituchukua majuma mawili kuufuta uvumi huo. Klorini ya unga ndiyo ya kuogopa zaidi: usiipakie gari moja na petroli, na asiikoroge mtu akiwa chumbani amefunga mlango.

Sasa jerikeni. Wenzetu waliotoka Kongo wanaliita bidoni, sisi jerikeni, na kwa jina lolote lile ndipo maji safi yanapochafukia. Unaweza kupima bombani ukakuta kila kitu sawa, kisha ukaingia hemani ukapima tena na kidonge kisibadilike rangi hata kidogo. Ndani ya jerikeni la zamani kuna utelezi wa kijani unaokula klorini, na mdomo wake ni mwembamba, mkono hauingii. Wafundishe kutia kokoto safi, sabuni na maji kidogo, kufunga, kutikisa kwa nguvu mpaka ule utelezi utoke, kisha kusuuza. Kila familia ipate vyombo viwili vya lita 10 mpaka 20, kimoja cha kuchotea, kingine cha kutunzia, vyote vina vifuniko. Jerikeni lililobeba dawa ya kahawa au ya kuua magugu lisirudi kwenye maji ya kunywa hata lioshwe mara mia. Hilo usilijadili na mtu.

Nimefika kwenye vyoo, na hapa naomba mnivumilie.

Mei 2020 mto Nyamwamba ulifurika, ukapita Kilembe na Kasese ukiwa na mawe makubwa kama matrekta. Familia zilizopoteza nyumba zilipelekwa kwenye viwanja vya shule, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona. Nilikuwa mmoja wa waliotumwa kujenga vyoo kwenye kiwanja kimojawapo. Watu karibu 600, familia kama mia moja. Kanuni nilikuwa nayo kichwani: siku za mwanzo choo kimoja kwa watu 50, kisha ushuke hadi kimoja kwa watu 20. Kwa hiyo vyoo kumi na viwili. Nilivuta kamba mwenyewe kuhakikisha vinasimama mstari mmoja ulionyooka, sita vya wanaume, sita vya wanawake, sahani za plastiki, kuta za turubai jipya la buluu, milango ikitazama uwanja wa mpira na nyuma yake mlima. Tulimaliza kwa siku tano. Mfadhili alikuja, tukapigwa picha tumesimama mbele yake na barakoa zetu. Nilijivunia mstari ule kuliko kitu chochote nilichowahi kujenga.

Baada ya majuma mawili nilirudi kuleta sabuni. Turubai la vyoo vitatu lilikuwa limeondolewa, niliona vipande vyake vimezibia mahema. Vilivyobaki, vya upande wa wanaume vilikuwa vinatumika na vichafu kiasi cha kutotazamika. Vya wanawake vilikuwa safi. Nikafurahi, jamani, nikaandika kwenye daftari "usafi mzuri upande wa wanawake." Kumbe vilikuwa safi kwa sababu hakuna aliyeviingia.

Aliyenifumbua macho ni bibi mmoja aliyekuwa akimenya matoke nje ya hema. Nilimwuliza kwa nini akina mama hawatumii vyoo. Akaendelea kumenya. Nikauliza tena, ndipo akaelekeza kisu upande wa uwanja.

"Mwanangu, mume wa binti yangu anakaa hema lile. Asubuhi anakaa pale mlangoni na wenzake. Mimi nipite mbele yake na kopo mkononi, afungue macho anione naingia pale?"

Nikakosa neno. Jambo hilo nalijua, nimelelewa nalo. Mkwe na mkwe hawakutani ovyo. Baganda wana neno lake kabisa, obuko, na makabila mengi ya huku yana lake. Mimi mwenyewe mama mkwe wangu akija nyumbani natafuta sababu ya kwenda sokoni. Ila nilipovuta kamba sikuwa namfikiria mama mkwe wa mtu. Nilikuwa nafikiria mstari.

"Basi mnakwenda wapi?" nikauliza.

Akaonyesha nyuma ya madarasa, kwenye kichaka cha mteremko. Chini ya mteremko ule kulikuwa na chemchemi, na siku boza lilipochelewa kambi nzima ilikuwa ikichota hapo. Watoto wa mahema ya chini walikuwa wameanza kuhara tangu Jumapili. Wawili walikuwa kituo cha afya wametundikiwa maji. Tuliwalaumu wenye boza, tukawalaumu wazazi kwa kutochemsha, na mimi nikiwa kwenye kikao kile nililaumu kwa sauti kubwa kuliko wote.

Tulivibomoa. Safari hii tulianza na wanawake, wakae peke yao na mkunga wa kituo cha afya, sisi wanaume tukae mbali tunywe chai. Walitoa maneno matatu. Kwanza, milango igeuke itazame mlima, na njia ipite nyuma ya madarasa, pasipo mtu kuketi. Pili, mstari uvunjwe. Vyoo visambazwe, kila kimoja kiwe cha familia zinazojuana, na wao wenyewe ndio watakaopanga nani na nani, kwa sababu wao ndio wanaojua nani ni mkwe wa nani. Tatu, kufuli. Hilo la tatu sikulielewa mpaka nilipoliona likifanya kazi. Choo chenye kufuli kina wenyewe. Wenyewe wanafagia, wanagombana na anayeacha uchafu, wanaleta jivu la kumwaga shimoni. Tulifika vyoo 24 kabla pesa haijaisha, familia nne kwa kimoja, kila familia na ufunguo wake. Mwezi mzima uliofuata hakuna turubai lililokatwa hata moja.

Kwa hiyo kabla hujachimba hata sentimita, keti na wanawake. Na ukisikia mtu anasema hakuna muda wa vikao watu wanateseka, mwambie nilijenga haraka kwa siku tano nikabomoa kwa siku mbili.

Mengine ya vyoo ni ya kawaida, ila yashike. Shimo liwe angalau mita 30 kutoka kisima au chemchemi, liwe upande wa chini, na kitako chake kiwe mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Choo kisiwe mbali zaidi ya mita 50 na hema, maana usiku hakuna atakayetembea zaidi ya hapo, hasa mwanamke, hasa asipokuwa na tochi. Kisoro na kwingine penye miamba ya volkano hutapata shimo. Jenga cha kuinuliwa juu chenye ngazi. Kimoja kiwe na kiti na mkono wa kushikia, tetemeko huvunja miguu. Kinyesi cha watoto nacho ni kinyesi, watu hukitupa nyuma ya hema wakidhani hakina madhara; peleka poti. Mpate pia kibali cha maandishi cha mwenye ardhi, kwa sababu nimeshaona mwenye shamba akirudi kutoka Kampala akafukia mashimo matatu kwa hasira.

Tena jiulize shimo likijaa litamwagwa wapi. Swali hili linaonekana la miezi sita baadaye, lakini ndilo lililoiua Haiti. Tetemeko la Januari 2010 liliwaacha watu karibu milioni moja na nusu bila makazi, na kambi zikapata maji. Oktoba mwaka ule ule kipindupindu kikaanza, si kambini bali bonde la mto Artibonite, kutoka kwenye maji machafu ya kituo cha walinda amani wa Umoja wa Mataifa, yaani watu waliokuja kusaidia. Walikufa karibu watu elfu kumi. Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliomba radhi Desemba 2016. Nasi hatuko mbali na ugonjwa huo: Februari 2018 uliwapata Wakongo waliokuwa wakivuka Ziwa Albert kutoka Ituri, wakishukia Sebagoro, ufukweni upande wa Uganda, na kupelekwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Kyangwali. Kwa hiyo kabla hujamkodi mwenye gari la kunyonya vyoo, panda gari lake uone anakwenda kumwaga wapi. Usikubali kuambiwa tu.

Sabuni: gramu 250 kwa kila mtu kwa mwezi za kuoga peke yake, za kufua mbali. Bila sabuni kibuyu chirizi, kile chombo cha kuning'iniza cha kunawia mikono, ni pambo la mlango wa choo. Wasichana na akina mama wanahitaji vitambaa, chupi, na mahali pa kufulia na kuanikia pasipoonekana; mpe mwanamke agawe, tena asigawe kwa kuita majina kwa kipaza sauti.

Taka. Panya. Watoto wanaogeuza bomba kuwa bembea. Koki zinazovunjika Jumamosi jioni maduka yamefungwa. Nunua za akiba. Spana mwachie mtu mwenye jina, si "kamati". Usipige picha mtu akiwa foleni ya choo, hata akicheka. Usiahidi kurudi wiki ijayo kama hujui. Nenda na gambuti, nenda na koti la mvua, huku milimani mvua haisubiri mwezi wake. Ukisikia mtikisiko ukiwa ndani ya shimo, toka kwanza, sepetu utairudia.

Na kufuli. Nunua zaidi ya ulizopanga, kisha chonga funguo za ziada ukiwa bado mjini, nne kwa kila kufuli, uzifunge kwa uzi wa rangi moja. Kule juu hakuna fundi wa funguo, na wa kwanza kuupoteza wake huwa ni mtoto aliyetumwa usiku.